Kitanda cha Bi Kisingizio

Kuna usingizi wa mtu aliyechoka na kuna usingizi wa mtu aliyejificha. Huu wa pili ndio ninaotaka kuwasimulia, maana ndio uliompata Sekela, msichana wa kidato cha nne katika shule moja ya bweni kule nyanda za juu kusini, mahali ambapo mtu akizungumza asubuhi mwezi wa saba anatoa moshi mdomoni. Alilala saa tano na nusu, jua likiwaka, juu ya kitanda cha chumba cha wagonjwa, na hakuwa anaumwa hata ukucha. Nasema mapema ili msije mkamhurumia bure. Mimi niliposimuliwa mara ya kwanza nilimhurumia kabla ya kusikia habari yote, na nikajuta.

Tuanze na sifa zake, kwa sababu sifa ndizo zilizomponza. Shuleni walimwita Maktaba. Hapakuwa na msichana mwenye madaftari kama yake: vichwa vya mada kwa kalamu nyekundu, kanuni ndani ya visanduku vilivyopigwa rula, na kila daftari limevalishwa gazeti na juu ya gazeti nailoni. Tangu Pasaka, siku mtihani wa moko, ule wa kujipima kabla ya mtihani wa taifa, ulipotangazwa, alikuwa haonekani bila kalamu mkononi. Wenzake walikuwa wanakaa makundi makundi wakifanya maswali, wakikosea, wakigombana, wakifuta na kuanza tena. Yeye yuko meza ya pembeni ananakili upya mada ya logarithimu kwa sababu ile ya kwanza iliingia doa la wino. Alichora ratiba ya kujisomea kwenye karatasi ya manila, ikasifiwa mpaka ofisi ya walimu, basi akachora nyingine nzuri zaidi. Wenzake waliazima madaftari yale, wakayasoma, wakaelewa, wakamrudishia kwa shukrani. Yeye alikuwa anayaandika tu. Ukimwuliza kama amesoma anakwambia amesoma, na hakuwa anasema uongo kwa roho mbaya. Kidole kilikuwa kimeota sugu kwa kazi, naye akadhani kichwa nacho kilikuwemo. Wiki ya mwisho ndipo alipogundua kwamba hajawahi kufanya swali moja la Hisabati kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuchungulia jibu. Akasema ataanza kesho. Kesho ilipofika, akabadilisha nailoni za madaftari.

Asubuhi ya mtihani, Bi Zamoyoni, mpishi aliyehamia huko kutoka pwani miaka kumi na mmoja iliyopita, alichemsha chai ya mchaichai kwa ajili ya watahiniwa. Hakutumwa na mtu. Alisema watoto wanaingia ukumbini wanatetemeka, wapate kitu cha moto. Sekela alikunywa vikombe viwili. Karatasi zikagawiwa. Akalitazama swali la kwanza, na kanuni yake akaikumbuka mahali ilipokaa kabisa, ukurasa wa kushoto, ndani ya kisanduku, wino wa kijani, ila ndani ya kisanduku hamkuwa na kitu. Swali la pili hivyo hivyo. La tatu hata kisanduku hakukiona. Moyo ukaanza kumwenda mbio, kijasho chembamba kikamtoka kwenye baridi ile, akainua macho akaona vichwa vyote vimeinama vinaandika. Hapo ndipo alipokumbuka jambo la mwaka juzi: msichana akianguka mapepo, akapiga kelele na kugaragara, hubebwa nje, na hakuna anayemwuliza tena habari za karatasi. Hakufikiri mara mbili. Alipiga ukelele, akajiangusha kutoka kwenye kiti, akaanza kutupa miguu.

Alichokitaka ni kubebwa tu. Kilichofuata hakukitaka. Ukumbi ule ulikuwa umejaa wasichana wenye hofu, wasiolala vizuri wiki nzima, na waliposikia ukelele nao wakaanza kuanguka, na hao hawakuwa wanaigiza. Akaanguka mmoja, wakaanguka wawili, mpaka wakafika sita. Enesia, aliyekuwa anakaa nyuma yake, alianguka pamoja na meza, mdomo ukapasukia kwenye kona ya kiti. Karatasi zikakusanywa. Mkuu wa shule, Mwalimu Ngailo, akatangaza kwamba mtihani utaanza upya saa nane mchana kwa karatasi ya akiba, na walioanguka wapelekwe kupumzika.

Basi ndiyo hivyo Sekela alivyofika kitandani, na Enesia kitanda cha jirani, pamba yenye damu mdomoni; wengine walilazwa bwenini. Sekela alifumba macho ili matroni asimwulize kitu. Lakini masikio hayafumbiki. Nje ya dirisha wasichana walikuwa wanasema ni chai. Eti chai ya leo ilikuwa na harufu. Eti Bi Zamoyoni huchoma udi chumbani kwake, eti kila aliyeanguka aliinywa, kana kwamba wasioanguka hawakuinywa. Watu wazima nao wakayadaka maneno hayo. Mzazi mmoja alikuwa ameshapiga simu, mwenyekiti wa kijiji alikuwa njiani, na Bi Zamoyoni ameambiwa afungashe vitu vyake akae kwenye benchi la nje ya ofisi. Gari la shule likirudi kutoka sokoni litampeleka stendi, arudi kwao. Tena getini walishaanza kukusanyika watu, na hawakuwa wamekuja kumuaga. Neno moja tu lingeyamaliza yote. Sekela alikuwa nalo. Lilimfika mpaka kwenye ulimi, akalimeza, akavuta blanketi akajifunika kichwa. Aibu ikampanda kuanzia nyayo, mwili mzima ukamwaka, na katika kuikimbia hiyo aibu akalala kweli.

Akajiona yuko barabarani, na sare yake, bila viatu, katika nchi isiyokuwa na jua wala giza, mwanga wake ule wa asubuhi yenye mawingu. Nyuma yake, hatua kama ishirini, alikuwa anakuja mwanamke mrefu aliyejitanda kaniki mpaka usoni, mwendo wake wa mtu asiye na haraka. Sekela aligeuka mara moja tu, akayaona macho, akajua kwamba mwanamke huyo anamfahamu, na si kwa jina tu. Akaongeza mwendo. Yule mwanamke hakuongeza, na umbali kati yao ukabaki uleule. Sekela akakimbia, na bado ukabaki uleule.

Mbele kulikuwa na lango la mji, na langoni, juu ya kiti cha kamba, amekaa bwana mmoja mnene, mwenye sauti tamu na macho ya usingizi. Akamkaribisha Sekela kama mtoto aliyekuwa safarini. Alisema yeye anaitwa Bwana Baadaye, mji huu ni wake, na watu wake wanajituma kuliko watu wote duniani, aingie ajionee mwenyewe. Sekela akaingia, na kweli, kila mtu alikuwa anatoka jasho. Mwanamume mmoja alikuwa ananoa jembe, na alikuwa amelinoa miaka mingi mpaka limebaki dogo kama kijiko, na nyuma yake shamba lake lina magugu ya kufika kiunoni. Fundi cherehani anapima kitambaa, anaandika kipimo, anapima tena kuhakikisha, na bwana harusi aliyekuja kuchukua suti amezeeka mlangoni, shuka kiunoni. Mama mmoja anapanga kuni, kuni zimekaa vizuri ajabu, hakuna hata moja iliyozidi mwenzake, na watoto wake wamekaa kando wanaramba unga mbichi. Hakuna aliyekuwa mvivu hapo, nawaambia. Mvivu angeona haya kukaa katika mji ule.

Katikati ya uwanja palikuwa na meza, na juu ya meza madaftari ya Sekela mwenyewe, na kalamu za rangi tatu, na rula mpya. Akaelewa kwamba anasubiriwa. Mtu mwingine angetupa meza ile chini akatoka mbio. Yeye, nasikitika kusema, alikaa. Alivuta kiti, akapiga mstari mmoja mwekundu, mstari ukanyooka, na moyo ukatulia. Bwana Baadaye akaja akampapasa kichwani, akasema hivyo ndivyo. Yule mwanamke wa kaniki alikuwa amesimama nje ya lango, kwa sababu mji mzima ulikuwa umemfungia milango, lakini macho yake yalikuwa juu ya mstari ule, na Sekela akauziba kwa kiganja.

Mara ikalia kengele, na watu wote wakaacha walichokuwa wanafanya. Walikuwa wanaambiana kwa minong'ono kwamba Bwana Hofu anakuja, kwamba ana urefu wa mnazi, kwamba anameza watu wakiwa wazima. Aliyeingia langoni alikuwa mtu mfupi mwenye koti kubwa kuliko yeye, anahema, anatazama huku na huku, anauliza kila anayekutana naye kama kuna mahali anaweza kukaa. Hakuna aliyempa kiti. Walipiga makelele wakatawanyika. Naye kwa kuwa aliogopa kuachwa peke yake akawafuata mbio, na kadiri walivyokimbia ndivyo vishindo vya viatu vyake vilivyozidi nyuma yao. Sekela alikuwa mbele ya wote. Alikimbia mpaka akaona nyumba moja mlango wazi, akaingia, akasukuma mlango kwa mgongo.

Humo ndani alikuwemo mwenye nyumba, Bi Kisingizio, mama mzuri, kanga mpya, mikono laini, marashi yanamtangulia. Hakuuliza kitu. Alimshika Sekela shavu akampa pole, akasema anaumwa. Sekela akajibu kwamba hajui kama anaumwa. Bi Kisingizio akacheka kidogo, akamwambia kwamba anaumwa, na nani mwenye moyo wa kumbishia mgonjwa? Akamwonyesha kitanda kipana chenye shuka nyeupe zinazoanguka mpaka sakafuni, chandarua kimefungwa juu. Sekela akapanda. Nje Bwana Hofu aligonga mara mbili, akaita, kisha vishindo vyake vikaenda mbali, na pakawa kimya. Utamu wa kimya kile hausemeki. Alijinyoosha, akafunikwa, akaambiwa kwamba hakuna atakayemwuliza lolote.

Lakini kitanda kilikuwa na joto, joto la mtu. Tena kilikuwa kinapanda na kushuka, polepole, kama kifua kinachopumua. Sekela akauliza kwa nini. Bi Kisingizio akasema vitanda vyake vyote viko hivyo, ndiyo raha yake, asitazame chini. Pale dirishani yule mwanamke wa kaniki alikuwa amefika, maana lango liliachwa wazi Hofu alipoingia, amesimama anamwangalia. Sekela akamtazama yeye, akatazama shuka, akamtazama tena. Mkono wake wenyewe ndio uliokwenda ukafunua.

Kitanda hakikuwa na miguu. Kilikuwa juu ya mgongo wa mtu aliyepiga magoti na kuweka viganja sakafuni, kanga kiunoni, shingo imejaa mishipa, jasho linadondoka kwenye saruji. Alikuwa Bi Zamoyoni. Upande wa miguuni Enesia alikuwa ameweka bega, mdomo wake umepasuka, na kila kitanda kilipoyumba damu ilimchuruzika mpaka kidevuni. Hawakuwa wanalia wala kulalamika. Walikuwa wamekazana ili yeye asianguke.

Sekela akamwuliza mwenye nyumba ni nani aliyewaweka watu hawa chini. Bi Kisingizio hakukasirika hata kidogo. Alikuwa anapiga pasi shuka ya mgeni mwingine.

“Kila kitanda changu kinabebwa, mwanangu,” akasema. “Wewe ulidhani kinaelea?”

Sekela akajaribu kushuka, miguu ikawa mizito kana kwamba si yake. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza tangu barabarani, alipomtazama yule mwanamke wa dirishani bila kugeuza uso, akamwita mama, akamwomba aje. Mwanamke akazunguka akaingia mlangoni, Bi Kisingizio akageukia ukutani. Yule mwanamke akateremsha kaniki. Sekela alikuwa ametarajia uso wa kutisha. Ulikuwa uso wa kawaida, umechoka, uso wa mama anayemfuta mtoto kamasi mbele ya wageni.

“Naitwa Aibu,” akasema. “Nimekufuata tangu ukumbini.”

Sekela akamwambia ukweli, kwamba alidhani amekuja kummaliza. Aibu akajibu kwamba wengi hudhani hivyo, na ndiyo maana nyumba hii haikosi wageni. “Mimi sikai na mtu,” akasema. “Namshika mkono, namfikisha mlangoni kwa mwenzangu, narudi zangu. Anayeishi nami miaka yote ni yule anayenikimbia. Sasa nipe mkono, na ujue kwamba utaungua.”

Akampa. Ukaungua kweli, kama mtu aliyeshika sufuria bila kitambaa, na maumivu yale yakapanda mpaka masikioni, machozi yakamtoka. Lakini miguu ilifunguka. Wakatoka, wakapita katikati ya mji ule, na watu wa Bwana Baadaye wakasimama milangoni kumwangalia Maktaba akiongozwa na Aibu kama mtoto aliyeiba. Bwana Baadaye mwenyewe alimwita kwa upole, akamkumbusha kwamba haya yote yanaweza kungoja. Sekela aliinamisha uso akapita. Njia ikaanza kupanda kilima. Nyuma yao, mbali kidogo, walisikia mtu anahema; ni Bwana Hofu, amewaona, anawafuata.

Juu palikuwa na nyumba ndogo na uwanja uliofagiwa. Mwanamume mwenye mikono iliyokwaruzika alikuwa anapasua kuni. Kuni zenyewe zimerundikwa ovyo, nyingine fupi nyingine ndefu, ila chungu kilikuwa kinachemka. Alimwitikia Sekela salamu bila kuacha shoka. Alisema yeye ndiye Maandalizi, na kwamba yeye na Sekela si wageni. “Nilipita kwako mara nyingi tangu Pasaka,” akasema. “Kila nikibisha hodi nakukuta unapiga mstari. Mimi kazi yangu ni kidogo tu, kila siku, na mikono huchafuka. Nikaona nisikusumbue.” Hakuyasema kwa kejeli, na hilo ndilo lililomwumiza Sekela zaidi.

Kizingitini alikuwa amekaa mwanamke wa makamo, ungo mapajani, anachagua mchele. Hakuinua uso mpaka alipomaliza punje zilizokuwa chini ya vidole vyake. Aibu akasema huyu ni Utulivu. Wakati huohuo Bwana Hofu akafika uwanjani, koti linaburuta, na Sekela akarudi nyuma tayari kukimbia. Utulivu, huku akirudia mchele wake, akamwambia Bwana Hofu kwamba kigoda kiko pale kando ya mlango. Hofu akakaa. Akaweka koti lake magotini, akahema mara tatu nne, kisha akatulia akitazama mikono ya Utulivu inavyofanya kazi. Hakuondoka. Alikuwa pale tu, mtu mfupi juu ya kigoda. Utulivu akamweleza Sekela kwamba huyu huja kila siku ya mtihani, kwa kila mtu, hata kwa waliosoma sana. Mtu akimpa nafasi mlangoni hukaa mlangoni, akinyimwa huzunguka nyumba nzima.

Sekela akapiga magoti. Alimwomba Utulivu ampe kidogo tu, hata cha kufunga kwenye pindo la sketi, arudi nacho ukumbini saa nane.

“Sina cha kukufungia,” akasema Utulivu. “Swali halikukutisha kwa ugumu wake. Ulitishwa na kuonekana hujui, wewe uliyeitwa Maktaba. Mtu akiwa na kitu anachoficha, mimi siwezi kukaa naye chumba kimoja, maana kila mlango ukisukumwa anashtuka. Nenda ukaonekane. Baada ya hapo utanikuta.”

Sekela akauliza kama akifanya hivyo atafaulu. Alijionea haya mwenyewe kwa swali lile, lakini aliliuliza.

“Leo hutafaulu, maana hukusoma. Utakaa kwenye kiti chako mpaka mwisho, utasoma kila swali polepole, utaandika unachokijua hata kikiwa mstari mmoja. Kesho utafanya swali moja na huyu bwana wa kuni, ukosee, ufute, ufanye tena. Na sasa inuka. Mimi mchele wangu unaweza kungoja, lakini yule aliye chini ya kitanda hawezi.”

Aibu akauachia mkono wake. Akamgeuza mabega kuelekea mlango wa nyumba ile na kumsukuma kidogo, si kwa nguvu, na Sekela akajikwaa kizingitini.

Alipofumbua macho ilikuwa saa saba na robo. Blanketi lilikuwa limelowa jasho. Enesia alikuwa macho, anaomba maji kwa mdomo ule uliovimba, na matroni hakuwepo. Sekela akainuka akamnywesha, amemshika kichwa, maji mengine yanamwagika shingoni. Enesia alimaliza, akamtazama kwa huruma.

“Pole,” akamwambia. “Na wewe ulianguka vibaya.”

Hakuna kofi ambalo Sekela amewahi kupigwa likamwingia kama pole ile. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, kikombe mkononi, na ndoto yote ikamfunukia bila mtu wa kumfasiria. Alielewa kwamba tangu asubuhi amelala juu ya migongo ya watu. Alielewa pia kwamba hakukuwa na ujanja wa kulitoka hilo bila kuungua, na kwamba kadiri anavyokaa pale ndivyo chini wanavyozidi kuelemewa. Alitaka kumwambia Enesia kwanza, akashindwa. Alimwambia tu kwamba anarudi, akatoka bila viatu.

Gari la shule lilikuwa limesharudi, dereva anashusha magunia. Bi Zamoyoni alikuwa kwenye benchi la nje ya ofisi, begi moja miguuni, mikono mapajani, anatazama mbele yake. Mlangoni Mwalimu Ngailo alikuwa anazungumza na mwenyekiti wa kijiji, na kelele za getini zilikuwa zinasikika mpaka pale. Sekela akapita mbele ya benchi. Hofu alikuwa naye, ubavuni kabisa, hakumfukuza. Alisimama mbele ya watu wazima wawili waliokuwa katikati ya mazungumzo, jambo ambalo mwanafunzi hafanyi, na hakungoja kuulizwa.

“Mwalimu, mimi sikuanguka. Nilijiangusha. Mtihani ulinishinda, nikaona haya kukaa nao. Hakuna aliyenilisha kitu. Wenzangu waliniogopa mimi ndiyo wakaanguka.”

Mwalimu Ngailo aliuliza kama kuna mtu aliyemfundisha kusema hivyo. Sekela akasema hakuna. Aliuliza mtihani umemshindaje yeye, ambaye madaftari yake shule nzima inayasomea. Sekela akajibu kwamba shule nzima inayasomea, yeye hajayasoma. Mwenyekiti akashika kiuno, akaguna, kisha akaenda getini mwenyewe kuwaambia watu waende majumbani kwao. Haikuishia hapo. Kengele ikapigwa, wasichana mia nne wakapanga mistari, na Sekela akasimamishwa juu ya jiwe la matangazo ayaseme yaleyale kwa sauti. Mtu mmoja alicheka. Enesia alikuwa amesogea mpaka mlango wa chumba cha wagonjwa, ameshikilia fremu, na Sekela aliyasema yote akiwa anamtazama yeye. Alipomaliza, Enesia aligeuka akarudi ndani. Adhabu ilitajwa, wiki tatu za kulima na mzazi aitwe, lakini sidhani kama aliisikia.

Akaenda kwenye benchi, akapiga magoti, akasema shikamoo. Bi Zamoyoni aliitikia marahaba kwa mazoea.

“Nimekaa hapa tangu saa nne,” akasema. “Wote waliopita, hakuna ambaye sijampikia.”

Akainama, akachukua begi lake, akaenda chumbani kwake kulifungua. Hakumwambia Sekela inuka, wala hakumgusa. Sekela aliinuka mwenyewe baadaye, magoti yana vumbi jekundu, na vumbi hilo aliliacha hapohapo lilipo.

Saa nane akaingia ukumbini na wenzake. Kila mtu alimwangalia, na wa kiti cha jirani alisogeza kiti chake. Karatasi ikageuzwa. Swali la kwanza hakulijua. La pili hakulijua. Moyo ukaanza mbio zake za asubuhi. Akauacha ukimbie, akaendelea kusoma polepole, mpaka swali la saba, la eneo la pembetatu, ambalo sehemu yake ya kwanza aliijua. Akaandika mistari miwili, kwa penseli, bila rangi. Akasoma yaliyobaki yote, akarudi mwanzo, akayasoma tena. Kisha hakuwa na cha kuandika. Akaweka penseli chini, viganja juu ya meza, kurasa nyeupe mbele yake, na mabega yake yakawa yanashuka kidogo kidogo. Bado saa nzima na nusu.

Msimamizi alikuwa anazunguka. Alipofika kwenye meza ile akaona karatasi karibu tupu, akaona msichana yuleyule ametulia namna ile, akaingiwa na wasiwasi. Akainama, akamwuliza kwa sauti ya chini kama anajisikia vibaya, kama anataka kutolewa nje akapumzike.

“Hapana, Mwalimu,” Sekela akasema. “Siumwi. Sijui tu.”